Likasi: Kibali kilichopitwa na muda kimpeleke mtu kasho?

LIKASI, Haut-Katanga – Tuchukue mfano ambao mkaaji yeyote wa Kikula, Panda au Shituru anaweza kuuelewa bila kuelezwa sana. Muuguzi mmoja amefungua farmasi ndogo kando ya barabara: rafu mbili za mbao, meza, friji inayotegemea umeme wa SNEL, na daftari la kuandika dawa zinazotoka. Siku moja wakaguzi wanaingia. Wanakuta mambo matatu: kibali kimepitwa na muda tangu miezi miwili, daftari halijajazwa tangu wiki iliyopita, na friji haina kipimajoto.

Mitaa mitatu mbele kuna farmasi nyingine. Kibali chake ni kipya, kimetundikwa ukutani ndani ya kioo. Lakini chini ya meza kuna makopo ya vidonge visivyo na jina la mtengenezaji, vilivyonunuliwa kwa mchuuzi asiyejulikana, na vinauzwa kimoja kimoja vikiwa vimefungwa katika kipande cha karatasi.

Ukiuliza mama yeyote sokoni ni farmasi gani kati ya hizo mbili inaweza kumuua mtoto wake, hatasita kujibu. Lakini wakati wakaguzi wanapotoa kalamu ili kuandika PV, wenye farmasi hizo mbili wanaweza kusikia neno moja lile lile: parke. Yule wa kibali kilichopitwa na muda anaogopa kasho sawa na yule wa vidonge visivyo na jina. Hapo ndipo mjadala wa kuyatoa makosa madogo ya afya katika sheria ya jinai unapoanza, mjadala ambao umeshafika mbali katika nchi nyingine na ambao unagusa moja kwa moja mji kama Likasi.

Maana yake ni nini?

Wanasheria wetu wanatumia neno la Kifaransa «dépénalisation». Wengi wakilisikia wanafikiri ni kuruhusu kila mtu afanye anavyotaka. Sivyo. Kosa linabaki kuwa kosa. Kinachobadilika ni adhabu na mkono unaoitoa. Badala ya polisi, kasho, parke na tribinali, mwenye kosa anapewa onyo kwa maandishi, anawekewa siku za kurekebisha, analipa faini inayojulikana kiasi chake, na akiendelea kukaidi anafungiwa mlango. Gereza linabaki kwa wale wanaohatarisha maisha ya watu.

Kwa lugha rahisi, ni kutenganisha kosa la karatasi na kosa la sumu.

Sheria zetu zimetoka mbali

Ili kuelewa kwa nini mambo haya mawili yamechanganyika, lazima kurudi nyuma. Kwa miaka mingi sana kazi ya kuuza dawa katika nchi yetu imesimamiwa na amri ya tarehe 15 Machi 1933, na kazi ya kutibu ikasimamiwa na dekreti ya tarehe 19 Machi 1952. Hayo ni maandishi ya wakoloni wa Ubelgiji, ya wakati ambapo Likasi iliitwa Jadotville. Yaliandikwa kwa ajili ya koloni, na katika koloni kila kanuni, hata ndogo, ilikuwa na tishio la adhabu nyuma yake.

Baada ya uhuru, vyama vya kitaaluma vilivyowekwa na sheria vilizaliwa kimoja kimoja: cha wanganga mwaka 1968, cha wafamasia mwaka 1991, na cha wauguzi kwa sheria namba 16/015 ya tarehe 15 Julai 2016. Halafu ikaja sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 inayoweka misingi ya utaratibu wa afya ya umma. Mwaka 2020 serikali iliunda ACOREP, mamlaka ya kusimamia dawa nchini.

Leo basi vyombo havikosekani. Kuna ACOREP, kuna ukaguzi wa afya wa jimbo, kuna mganga mkuu wa zone ya afya, kuna vyama vya kitaaluma ambavyo kazi yao ni pamoja na kuwaadhibu wanachama wao. Lakini mwenye farmasi ya mtaani anapokosea jambo dogo, mtu anayemfikia kwanza si lazima awe mmoja wa hao. Mara nyingi ni yule aliye na uwezo wa kumtisha zaidi.

Gereza lisilotumika lakini lina bei

Watetezi wa hali ya sasa wana hoja moja nzito: bila tishio la gereza, nani atafuata kanuni? Katika mji ambako dawa zinaingia kwa lori kutoka Lubumbashi na Kasumbalesa, na nyingine zinafika ndani ya mifuko ya wachuuzi, tishio hilo linaonekana kuwa ukuta wa mwisho.

Lakini tuangalie kazi ambayo tishio hilo linafanya kweli. Mtu aliyekutwa na daftari lisilojazwa si yule ambaye majaji wanamngoja ili wampeleke gereza la Buluo. Kesi ya namna hiyo haina uzito wa kuchosha tribinali. Kila mmoja anajua hivyo: mkaguzi anajua, mwenye farmasi anajua. Kwa hiyo gereza halitumiki kama adhabu. Linatumika kama bei. Kadiri adhabu iliyoandikwa inavyokuwa kubwa, ndivyo mtu yuko tayari kutoa zaidi ili PV isiandikwe. Matabishi yanapimwa kwa urefu wa kifungo kilichoandikwa katika sheria.

Matokeo yake ni mabaya mara mbili. Kwanza, feza hazifiki kwenye hazina ya serikali, na kosa lenyewe halirekebishwi: kipimajoto hakinunuliwi kwa sababu pesa yake imeshatolewa kwa mlango wa nyuma. Pili, mwenye vidonge visivyo na jina, ambaye faida yake ni kubwa, analipa kwa urahisi na kuendelea. Muuguzi mwenye faida ndogo ndiye anayefunga.

Na muuguzi akifunga, wakaaji wa mtaa hawaendi kwa mfamasia mwenye diploma, kwa sababu wafamasia ni wachache na hawako kila mtaa. Wanaenda kwa mchuuzi anayetembea na sanduku la dawa juani. Kwa hiyo adhabu iliyowekwa ili kumlinda mgonjwa inamsukuma kwa yule asiyekaguliwa na mtu yeyote.

Mlango upo, lakini ufunguo uko kwa mtu mmoja

Wengi hawajui kwamba sheria ya Kongo tayari ina njia ya kumaliza kosa dogo bila gereza. Kanuni ya mwenendo wa mashtaka ya jinai, yaani dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959, katika kifungu chake cha 9, inamruhusu afisa wa polisi ya mahakama, OPJ, kumwomba mwenye kosa alipe kiasi fulani cha pesa kwenye hazina ya serikali ikiwa anaona kwamba hata jaji angetoa faini tu. Kiasi hicho hakiwezi kupita faini ya juu kabisa iliyoandikwa kwa kosa hilo. Mtu akilipa, mashtaka yanazimika, isipokuwa parke ikiamua vingine. Wanasheria wanaiita «amende transactionnelle».

Kwa maandishi, ni mlango mzuri. Kwa vitendo, una kasoro mbili. Anayeamua kuufungua ni OPJ peke yake: ndiye anayepima kosa na ndiye anayetaja kiasi. Na mwenye farmasi ambaye hajawahi kuona kifungu hicho hawezi kutofautisha faini ya kisheria na matabishi. Wote wawili wanaombwa na mtu yule yule, kwenye meza ile ile.

Tofauti yao inaonekana kwa jambo moja: sheria inasema pesa inaingia kwenye hazina. Pesa inayoingia kwenye hazina inaacha karatasi. Pesa isiyoacha karatasi haikuingia huko.

Mstari uchorwe wapi? Ituri walishalipa

Kuna hatari ya kweli katika mjadala huu, na si haki kuificha. Ukilegeza mahali pasipofaa, watu wanakufa. Mashariki mwa nchi yetu tunajua hivyo kuliko wengi.

Kati ya Desemba 2014 na Agosti 2015, huko Ituri, wagonjwa walianza kufika katika vituo vya afya shingo zikiwa zimekakamaa, nyuso zikijikunja, ulimi ukitoka nje bila mtu kutaka. Wengi walikuwa watoto wadogo. Mwanzoni wanganga waliwaza ugonjwa wa uti wa mgongo. Uchunguzi wa maabara ulionyesha jambo lingine: vidonge vilivyouzwa kwa jina la diazepam havikuwa diazepam. Ndani yake kulikuwa na haloperidol, dawa kali inayotolewa kwa wagonjwa wa akili. Watu zaidi ya 1,000 waliguswa, na wengine walipoteza maisha. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa tahadhari ya kimataifa mwaka 2015.

Kosa la namna hiyo si kosa la karatasi. Kutengeneza dawa bandia, kuingiza dawa bandia kwa kujua, kubadilisha tarehe iliyoandikwa kwenye boksi ili kuuza dawa iliyokwisha muda, kujiita mganga au mfamasia bila kusoma kazi hiyo: hayo yote mahali pake ni mbele ya jaji, na hakuna faini inayotosha.

Lakini kisa cha Ituri kinafundisha jambo la pili. Kopo lenye vidonge hivyo lilikuwa na jina lake juu, na mwenye farmasi aliyeviuza hakuwa na namna ya kujua kilichomo. Kilichofungua fumbo ni wanganga waliotoa taarifa na maabara iliyopima. Muuguzi anayejua kwamba akimwita mkaguzi kumwonyesha kopo lenye mashaka ataulizwa kwanza kibali chake kiko wapi, hatamwita. Atatupa kopo hilo usiku, na lile la jirani litaendelea kuuzwa. Hofu ya kosa dogo inaziba mdomo juu ya kosa kubwa.

India wamefanya, na wamekosolewa

Sehemu kubwa ya vidonge vinavyouzwa Likasi, kama kwingineko Kongo, imeandikwa «Made in India» kwenye boksi. Kwa hiyo inafaa kujua kwamba India yenyewe iliingia katika njia hii. Sheria inayoitwa Jan Vishwas, iliyotiwa sahihi na Rais wa nchi hiyo Agosti 2023, ilirekebisha vifungu 183 katika sheria 42 kwa lengo la kuondoa gereza au kulegeza adhabu kwa makosa madogo. Kati ya sheria zilizoguswa kuna ile ya dawa na vipodozi ya mwaka 1940 na ile ya wafamasia ya mwaka 1948.

Katika sheria ya dawa, kifungu cha 27(d), ambacho kiliweka kifungo cha angalau mwaka mmoja, kiliingizwa katika makosa yanayoweza kumalizwa kwa malipo bila kesi kuendelea. Serikali ya India ilisema dawa bandia na dawa zilizochanganywa na vitu vya hatari zinabaki kwenye adhabu kali. Wakosoaji walijibu kwamba kifungu hicho kinagusa pia dawa zisizofikia kipimo cha ubora, yaani kidonge chenye nguvu pungufu, na kwamba mgonjwa wa nimonia anayepewa kidonge pungufu hafi polepole kuliko aliyepewa bandia. Walikumbusha watoto wa Gambia: Oktoba 2022 OMS ilitoa tahadhari juu ya sirapu nne za kikohozi zilizotengenezwa India, baada ya vifo vya watoto 66.

Somo kwetu si kwamba India imekosea au imefaulu. Somo ni kwamba neno «dogo» lazima lipimwe kwa kile kinachoingia mwilini mwa mgonjwa. Kibali, daftari, kibao cha mlangoni, ripoti iliyochelewa: hayo hayaingii mwilini. Ubora wa kidonge unaingia. Kiwanda kisipewe faida ya huruma iliyokusudiwa farmasi ya Kikula.

Kongo nayo imeshatoa kosa la afya kwenye jinai

Wanaosema jambo hili haliwezekani Kinshasa wamesahau mwaka 2018. Sheria ya tarehe 14 Julai 2008 iliyolinda haki za watu wanaoishi na VIH ilikuwa na kifungu cha 45 kilichoweka gereza kwa mtu anayeambukiza mwingine kwa makusudi. Mashirika ya wagonjwa yaliona kwamba kifungu hicho kinaogopesha watu wasiende kupima, kwa sababu asiyejua hali yake hawezi kushtakiwa kwa makusudi. Sheria namba 18/012 ya tarehe 9 Julai 2018 ilikifuta kifungu hicho.

Wabunge hawakusema kuambukiza ni jambo zuri. Waliona kwamba gereza lilikuwa linafanya kazi kinyume na afya. Hoja hiyo hiyo ndiyo iliyo mezani kuhusu kibali na daftari.

Afrika nayo imeshasema. Mwaka 2017 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipitisha misingi ya kuondoa jinai katika makosa madogo. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ikatoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinazowakamata watu kwa sababu ya umaskini wao zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika. Maoni hayo hayakuzungumzia farmasi, lakini yaligusa jambo lile lile: gereza lisiwe kodi inayolipwa na maskini.

Faini bila risiti: tusisahau barakoa

Kuna onyo la mwisho, nalo linatoka nyumbani. Aprili 2020, wakati wa COVID-19, jiji la Kinshasa lililazimisha kuvaa barakoa na kuweka faini ya franga 5,000 kwa asiyevaa. Hapakuwa na gereza. Ilikuwa faini tu, adhabu nyepesi, jinsi wataalamu wanavyopendekeza. Haikuchukua muda kabla ya wakaaji kulalamika kwamba faini hiyo imegeuka chanzo cha mapato kwa baadhi ya askari barabarani, na kwamba anayelipa harudi na karatasi yoyote mkononi.

Kwa hiyo kuondoa gereza peke yake hakutoshi. Ukiondoa kasho ukaacha mkono ule ule upokee pesa taslimu, umebadilisha jina la usumbufu, basi. Ili muuguzi wa Kikula na mgonjwa wake wafaidike, mambo manne lazima yaende pamoja. Orodha ya makosa ya karatasi, fupi na iliyotangazwa, pamoja na faini ya kila moja. Siku za kurekebisha kabla ya faini, kwa mtu anayekutwa mara ya kwanza. Malipo kwenye benki kwa noti ya malipo ya serikali, kamwe si mkononi. Na mahali pa kulalamika palipo nje ya ofisi iliyotoa faini.

Kazi hiyo si ya meya wala ya gavana. Katiba, kifungu cha 122, inasema wazi kwamba makosa na adhabu zake vinawekwa na sheria, yaani Bunge la taifa. Wabunge waliochaguliwa na wakaaji wa Likasi wana haki ya kuleta pendekezo hilo, na wapiga kura wana haki ya kuwauliza. Lakini orodha iliyobandikwa ukutani, ziara moja ya pamoja badala ya huduma tano kuja siku tano tofauti, na onyo la maandishi kabla ya PV, hayo hayangoji Bunge.

Ukikutwa leo, fanya nini?

Wakati tukingoja, sheria iliyopo inakupa kinga ambazo wengi hawazitumii. Omba hati ya kazi ya anayekukagua. Omba akutajie kifungu cha sheria ulichovunja na asome PV kabla ya kusaini. Ukiambiwa ulipe, uliza noti ya malipo iko wapi. Ukipelekwa kasho, kumbuka kifungu cha 18 cha Katiba: lazima uambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, katika lugha unayoielewa, uwe na haki ya kuwasiliana na familia au mtetezi wako, na kukaa huko kusipite saa 48 kabla ya kuachiliwa au kupelekwa mbele ya mamlaka ya mahakama.

Na kwa upande wako wewe mwenye farmasi: lipa kibali chako, jaza daftari, nunua kipimajoto. Anayedai asitishwe kwa makosa madogo afanye kila awezalo yasiwepo. Kopo likikutia mashaka, lipeleke kwenye ofisi ya zone ya afya mchana, si kulitupa usiku.

Kifungu cha 47 cha Katiba kinahakikisha haki ya afya. Haki hiyo inaanzia kwenye mlango ambao mama anaugonga saa nne za usiku mtoto akiwa na homa. Mlango huo ukifungwa, iwe ni kwa sababu muuguzi aliuza sumu. Isiwe ni kwa sababu karatasi yake ilichelewa miezi miwili.